Besi ya Kitanda cha Baba

Mbita
6 Januari 2025

Kwa Fundi Ryoba, Isebania.

Salamu, mzee wangu. Hunijui. Mimi ni Irine Olang'o, mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbita, na Jumapili napiga besi kanisani. Nimeelekezwa kwako na mpiga besi mmoja wa Migori aliyeniazima gita ulilomtengenezea. Nililipiga nusu saa, nikashindwa kulirudisha. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba hupokei kazi kwa simu, mwenye shida aandike. Basi naandika.

Nataka besi ya nyuzi nne, na sitaki ya dukani. Hii niliyo nayo ni ya mbao za kubandikwa, imepakwa rangi nyekundu ya kucha, na ukiipiga inatoa sauti ya ndoo. Kila Jumapili naivaa kwa kinyaa.

Nataka uitengeneze kwa mbao za kitanda cha baba yangu. Najua ni ajabu, lakini ngoja nieleze. Baba, Mzee Olang'o, alipiga besi kwenye bendi ya benga miaka thelathini na moja na hakuwahi kuwa na gita lake. Gita lilikuwa la mwenye bendi. Mwenye bendi akinuna, anachukua gita, baba anakaa nyumbani. Kitu pekee cha maana alichowahi kujinunulia ni kitanda cha mvule, kizito mpaka kibebwe na watu wanne. Alfajiri alikuwa akilala chali, anainua mkono nyuma ya kichwa na kupiga nyimbo zake kwa vidole kwenye ubao wa kichwani. Mimi na ndugu yangu tuliamshwa na mlio huo utoto wetu wote. Mahali hapo paliliwa na vidole vyake mpaka pakawa bonde dogo laini, kidole gumba kinaingia.

Baba alifariki Agosti iliyopita. Rapar yake, yaani kumbukumbu ya mwaka, ni Jumamosi tarehe 23 Agosti. Siku hiyo nataka nisimame mbele ya watu, mwenye bendi akiwemo, nipige nyimbo za baba kwa besi ambayo ni yake na ambayo hakuna mtu atakayeichukua. Na pale palipolainika nataka pawe chini ya kidole gumba changu. Hilo moja ndilo ninalokuomba. Mengine yote amua wewe.

Mbao zitaletwa na ndugu yangu Austine. Yeye anauza omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba. Aliniambia alikivunja kitanda wakati wa matanga ili watu wapate nafasi ndani, akaziweka mbao kwa stoo ya rafiki yake.

Wako,
Irine Olang'o


Isebania
14 Januari 2025

Mwalimu Irine,

Barua yako imefika, na mwandiko wako unasomeka, jambo ambalo siku hizi ni nadra. Pole sana kwa baba.

Nianze na masharti, maana mimi ni mtu wa kuchukia vitu vingi na ni heri ujue mapema. Nachukia simu. Mchungaji mmoja aliniagiza gita kwa simu, akasema liwe jeusi. Lilipokwisha akadai alisema jeupe, akaapa kwa Biblia mbele ya mke wangu. Nilitema mate. Tangu siku hiyo kazi yangu ni ya karatasi. Kila barua ya gita, iwe ya mwenye gita, iwe ya aliyeleta mbao, iwe yangu mwenyewe ambayo nainakili, naikunja na kuiweka ndani ya tumbo la gita, kwa nyuma, pale waya zinapokaa. Kisha nafunga kifuniko kwa skrubu nne. Gita linaondoka hapa na maneno yake, ili atakayelifungua ajue nani alitaka nini na nani alileta nini. Hakuna gita lililotoka kwangu bila barua zake.

Nachukia pia vanishi nene. Nachukia fundi anayeziba ufa kwa vumbi la mbao na gundi halafu anatabasamu. Nachukia mpiga besi anayelivaa gita magotini kama mtu anayejikuna.

Kitanda hakinishangazi. Marehemu baba yangu alikuwa akichonga iritungu, kile kinubi chetu kikubwa sisi Wakuria, na aliwahi kukichonga kwa mzinga wa nyuki uliohamwa. Mbao iliyokaa na watu huwa imekauka sawasawa, haikugeuki. Mvule ni mzito kwa bega, lakini nitaupunguza mgongoni.

Niambie: unapiga umesimama au umeketi? Kwa vidole au kwa kibao cha plastiki? Weka kiganja chako kwenye karatasi ukichore. Na unapiga kwa upole au kwa hasira? Wa hasira namwekea nyuzi juu kidogo, la sivyo zinagonga vile vyuma vya shingoni na kulia kama kijiko kwenye sufuria.

Ryoba


Mbita
3 Februari 2025

Mzee Ryoba,

Kiganja changu hiki hapa, nimekichora mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilicheka. Nasimama. Vidole. Hasira.

Austine alipakia mbao Ijumaa kwenye lori la Migori, zimefungwa kwa gunia. Sikuziona, nilikuwa darasani.

Kuna jambo linaniuma, na sijui kwa nini nakuambia wewe. Baba anakufa, mimi nilikuwa Nakuru kwenye mtihani wa chuo. Nilipofika nilimkuta kwenye godoro sakafuni. Austine aliniambia walimshusha kwa sababu alikuwa akianguka kitandani. Ni sawa, wagonjwa hushushwa. Lakini mzee aliyekipenda kitanda chake vile, kufia chini kwenye simiti, mimi bado sijakubali. Ndiyo maana naona kama gita hili litamrudisha juu.

Irine


Isebania
19 Februari 2025

Mwalimu Irine,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kiti changu nimekimwagia maji moto.

Kunguni. Si mmoja, si kumi. Kila kiungo cha kitanda kile, kila tundu la msumari, walikuwa wamejazana kama kunde ndani ya ganda. Nilipogonga kwa nyundo walimwagika juu ya meza yangu ya kazi, wengine wamekauka, wengine wanene bado wanatembea, na ile harufu yao ya utamu uliooza ikanipanda puani mpaka nikaacha chakula cha mchana. Mke wangu Nyakerario alinifungia mlango. Nilivua nguo zote uani, mimi mzee wa miaka sitini na minne, huku jirani anaangalia. Kwa muda wa siku tatu nimekuwa nikijikuna hata pasipowasha.

Hilo lina dawa, ni maji moto na jua. La pili halina dawa. Mbao hizi si mvule. Ni saipras iliyopakwa vanishi ya kahawia. Nimeikwaruza kwa kisu, chini ni njano iliyofifia. Hicho kitanda ulichosema kinabebwa na watu wanne, mimi nilikitoa kwenye lori kwa mkono mmoja. Ubao wa kichwani nimeupapasa wote, mbele na nyuma, hakuna mahali palipolainika kwa vidole vya mtu. Kwa chini nimekuta bazoka zilizotafunwa na kubandikwa, vipande tisa. Nimezing'oa kwa patasi, nikaitupa na patasi.

Uliza nyumbani vizuri.

Ryoba


Mbita
27 Februari 2025

Mzee Ryoba,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akianika magodoro yetu kila Jumamosi na kufukuza mbu kwa moshi wa majani ya mwarubaini. Kunguni kwenye nyumba ya mama yangu? Kama wapo, wametoka huko stoo. Bazoka ni za watoto.

Mvule ni mvule. Nimezaliwa juu yake. Nimemuuliza Austine, akaniapia kwa kaburi la baba. Ndugu yangu ana makosa yake, ni mtu wa kuchelewa na wa kusahau, lakini juu ya kitanda cha baba hawezi kunidanganya. Sasa nibaki na nini? Nibaki na fundi nisiyemjua, aliyepokea mvule wa bei na sasa anaona saipras. Mafundi wa namna hiyo nimewasikia. Kama umeuchukua mvule wangu, nakuonea kinyaa kuliko hao wadudu wako.

Tengeneza gita kwa mbao ulizoletewa. Palipolainika utapaona ukipatafuta kwa moyo safi.

Irine Olang'o


Isebania
5 Machi 2025

Kwa Austine Olang'o, Remba.

Mura,

Dada yako ameniita mwizi wa mbao. Nimefanya kazi hii miaka arobaini na neno hilo sikuwahi kuitwa, hata na yule mchungaji.

Jana nimeondoa vanishi kwenye ubao wa kichwani. Chini yake, kwa rangi nyeupe, pameandikwa namba 7. Chini ya saba pameandikwa: MALI YA LOJI, HAKIHAMISHWI. Nijibu, mura, wewe kijana. Baba yako alikuwa akilala chumba namba saba nyumbani kwake mwenyewe?

Umeniletea kitanda cha loji, kilicholaliwa na kila mpita njia, ili dada yako akiweke kifuani na kukiita baba. Nimenawa mikono mara nne leo na bado naiona michafu.

Kitanda cha Mzee Olang'o kiko wapi? Nijibu kwa karatasi na utie sahihi. Usipojibu kabla ya Pasaka, naja Mbita mwenyewe na ubao huu nimeubeba begani.

Ryoba


Remba
20 Machi 2025

Mzee Ryoba,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye meza za kuanikia omena. Nikatoka kando nikatapika, na watu wakadhani ni jua. Nitakwambia yote kwa sababu hunijui na mimi sikujui.

Julai mwaka jana baba alilazwa Homa Bay. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nijiandae. Mimi nikajua basi, mzee amekwisha. Wakati huo nilikuwa nakaa hapa Remba na Millicent kwa chumba cha loji, namba saba, hicho kitanda ndicho umekiona. Alikuwa na mimba ya miezi saba na kunguni walikuwa wanammaliza. Mgongo wake ulikuwa vidonda. Nikawaza, kitanda cha mvule kiko nyumbani kimekaa bure, mwenyewe harudi. Nikakivunja, nikakitia kwa boti, nikakileta. Nikamwambia Millicent nimekinunua. Tukalala.

Siku ya tisa nikapigiwa simu kwamba mzee amepata nafuu, nikamchukue.

Mzee wangu, najua hata kwenu Wakuria ni hivyo. Kijana halali na mwanamke kwa kitanda cha baba yake, baba akiwa hai. Sisi tunaita kwer. Ukishafanya hivyo halafu umrudishe baba alale papo hapo, umemuua kwa mkono wako. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi naamini hata kama naenda kanisa. Sasa ningefanya nini? Kukirudisha naogopa kitamuua. Kusema, naona aibu. Nikamtandikia godoro chini.

Usidhani nilimtupa. Mimi ndiye nilimwosha, mimi ndiye nilimlisha uji kwa kijiko, siku kumi na tisa. Kila asubuhi anauliza, "Austine, kitanda changu kiko wapi?" Namwambia kiko kwa seremala kinatiwa miguu, kinakuja kesho. Anasema sawa. Halafu anapiga vidole vyake kwa sakafu, ile simiti, na haitoi sauti. Siku ya mwisho hakuuliza.

Irine aliposema anataka kitanda kikatwe, Millicent na mtoto walikuwa wamelala juu yake. Wako hapo hadi leo. Hicho cha chumba saba kilikuwa kimetupwa nje ya loji, nikakiomba, nikakipaka vanishi.

Usimwambie Irine. Nipe neno lako. Akijua, mimi sina dada tena duniani. Na hii barua ukimaliza kuisoma uichome.

Austine


Isebania
28 Machi 2025

Mura,

Nimesoma. Neno langu hili hapa: mimi Ryoba sitamwambia dada yako, kwa mdomo wala kwa kalamu. Sikufichi kwa kukupenda. Si kazi ya fundi kumwambia mteja ndugu yake ni mtu wa namna gani.

Kuchoma barua ni jambo jingine, na hilo sikukubali. Mimi sichomi karatasi ya kazi. Nafanya kazi yangu kama ninavyoifanya siku zote.

Nakuonea kinyaa. Nakuonea na huruma kidogo, na huruma hiyo nayo naionea kinyaa. Kama uliogopa mwiko, ungeenda kwa wazee wa kwenu wakafanya yanayofanywa. Kwetu hata aliyemwaga damu ana njia yake ya kutakaswa, sembuse aliyelalia kitanda. Lakini njia hiyo inaanza kwa kusema, na wewe kusema ndiko kulikokushinda. Mzee wa watu akagonga simiti siku kumi na tisa.

Kirudishe kitanda kabla ya Agosti, na umwambie dada yako wewe mwenyewe. Muda unao.

Ryoba


Mbita
10 Juni 2025

Mzee Ryoba,

Nilikutukana na hukujibu. Miezi mitatu sasa. Nimeulizia kwa yule mpiga besi wa Migori, akaniambia fundi akinyamaza ujue anafanya kazi. Basi naomba radhi kwa neno la wizi. Kwa mengine bado nimenuna.

Austine amekonda. Akija Mbita haingii chumba cha baba, anasimama mlangoni kama mgeni. Nadhani kifo kile kimemwingia kuliko mimi. Juzi nilimpikia samaki, nikamwambia yeye ndiye aliyemshika baba mkono mpaka mwisho, mimi sikuwepo, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote. Akaacha chakula akatoka nje.

Je, ulipaona pale palipolainika?

Irine


Isebania
11 Agosti 2025

Mwalimu Irine,

Gita hili hapa, linakuja na barua hii.

Mwili ni mbao nilizoletewa, ubao wa kichwani na mbavu mbili, nimeziunga. Shingo ni mninga na ubao wa vidole ni mpingo, nilivuka mpaka hapo Sirare kuvichagua mwenyewe. Limekaa na nyuzi wiki tatu nikilikaza na kulilegeza, maana shingo mpya ni kama ndama, usiipandishie mzigo siku ya kwanza. Ndani ya shingo mna chuma kirefu. Mvua ikija ukaona nyuzi zimepanda, kizungushe kulia robo mzunguko, ungoje siku mbili. Asiyeweza kungoja huvunja shingo. Nyuzi zimekaa juu kidogo, kwa ajili ya hasira. Kila uzi nimeusogeza pale kwenye daraja mpaka sauti ya katikati ya shingo ikalingana na sauti ya uzi mtupu. Ule mnene kabisa ulinitoa jasho siku mbili, nikautukana Kikuria chote.

Kunguni hawapo. Nimechemsha, nimeanika, nimepaka mafuta ya taa, nimeanika tena.

Uliniuliza pale palipolainika. Sikupaona, na moyo wangu ulikuwa safi. Mahali pa kidole gumba nimepaacha mbao tupu, bila vanishi wala rangi. Palainishe wewe.

Jambo la mwisho. Likinguruma kwenye spika, mngurumo usiotulia hata ukishika nyuzi, hapo ni waya wa ardhi. Usimpelekee fundi redio. Fungua kifuniko cha nyuma, skrubu nne, uangalie wewe mwenyewe. Nimesema wewe, si mtu mwingine.

Ryoba


Mbita
18 Agosti 2025

Mzee Ryoba,

Linanguruma. Nililiwasha kanisani juzi likajaza nyumba nzima kwa mngurumo, kwaya ikaziba masikio. Nimelifungua leo kwenye meza ya jikoni.

Waya wa ardhi haukukatika. Haujawahi kuunganishwa. Umeukunja vizuri, ncha yake ukaifunga utepe, na chini yake ukaweka barua, ya Austine ikiwa juu. Fundi wa miaka arobaini hasahau waya mmoja. Ulimpa neno kwamba hutasema, na kweli hukusema.

Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye simiti niliketi chini, pale pale sakafuni, na nikagonga kwa vidole ili nisikie. Ni kweli. Haitoi sauti.

Sijui nimwonee nani kinyaa kwanza. Millicent hana kosa, alikuwa na vidonda mgongoni. Kitanda chenyewe hakina kosa. Hata huo mwiko, mzee, naweza kuusamehe, maana hofu yake naijua, tumelelewa nyumba moja. Kinachonitapisha ni hiyo kesho. Mara kumi na nane, kwa mtu aliyesikia uongo wa nusu sauti kwenye gita la mwenzake akiwa upande wa pili wa uwanja. Baba alijua. Ndiyo maana siku ya mwisho hakuuliza. Na mimi nikamkaangia Austine samaki, nikamwambia nitamheshimu maisha yangu yote.

Nisamehe nilivyokuita. Uliyajua yote tangu Machi na ukanyamaza, ukalibeba tusi langu.

Jumatano napanda boti kwenda Remba.

Irine


Mbita
25 Agosti 2025

Mzee Ryoba,

Kitanda kimerudi. Nilipoanza kumweleza Millicent, hakuningoja nimalize. Aliinuka, akatema mate mlangoni, akamfunga mtoto mgongoni na kuanza kukivunja kwa mikono yake. Alikuwa hajui. Mwaka mzima amelala juu ya kitanda cha mtu aliyekuwa anakililia. Nilimpelekea godoro jipya na kitanda cha chuma, akapokea bila kunitazama. Watu wanne walizibeba mbao mpaka botini na Austine alikuwa mmoja wao.

Wazee wamekuja, wamefanya yanayofanywa. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Sikukikata. Siku ya rapar nilikisimamisha uani katikati ya viti, kitupu, kimetandikwa shuka jeupe. Wageni walidhani ni pambo. Austine aliketi chini kando yake kutwa nzima, na hakuna aliyemwambia aketi hapo. Nilipiga nyimbo tisa za baba. Mwenye bendi alikuja na kofia yake, akasikiliza, akanyoosha mkono akitaka kulijaribu gita. Nikamwambia hapana. Ni neno ambalo baba hakuwahi kumwambia, na nililisema mbele ya spika, watu wote wakasikia.

Saipras ile ina sauti nzuri, mzee. Inaniudhi kwamba ni nzuri. Sasa najua nimevaa kifuani kitanda cha chumba namba saba, na bado nikipiga uzi mnene, nywele za mkono zinasimama.

Waya nimeuunga mwenyewe. Barua zote nimezirudisha tumboni na nakala ya hii nimeiongeza, kwa utaratibu wako.

Irine


Remba
7 Septemba 2025

Dada Irine,

Umeniambia maneno matatu tu tangu rapar, na yote yalikuwa "pitisha hiyo sahani". Sikulaumu.

Millicent amehamia kwa mamake. Mimi nimerudi kwa loji. Leo sikuombi msamaha, najua haujaiva. Naomba kitu kimoja. Ile barua yangu iko ndani ya gita, na gita unalibeba kila mahali, kanisani, kwa harusi, kwa matanga. Jumapili iliyopita niliketi kiti cha nyuma, ukapiga, na mimi nikawa nasikia zile karatasi tu. Siku moja utamwazima mtu, atafungua zile skrubu, na watoto wangu watasoma nilichomfanyia babu yao. Fundi alikataa kuichoma. Wewe ni damu yangu.

Itoe uichome, dada. Niambie siku tu, nitulie. Utaichoma lini?

Ndugu yako,
Austine


Mbita
9 Septemba 2025

Austine,

Kesho.

Irine